Tumbo la moto, miguu ya baridi: kumtambua mtoto mwenye sepsisi ya meningokoka

Ndugu wazazi na wahudumu wenzangu wa Kusini mwa Tanzania, ugonjwa huu unaweza kumchukua mtoto aliyeamka akicheza kabla hakujapambazuka tena. Bakteria wake, meningokoka, wengi tunamjua kwa homa ya uti wa mgongo. Lakini anaweza kushambulia damu peke yake, shingo isikakamae hata kidogo. Hiyo ndiyo sepsisi, na ndiyo inayoua haraka zaidi.

Hatua ya 1: Shika miguu. Usiishie kwenye paji la uso. Weka kiganja tumboni, kisha shika nyayo. Tumbo linachoma, nyayo zimepoa kama zimetoka kisimani: hapo shtuka. Saa za mwanzo mtoto anaonekana kama mwenye homa yoyote, ila mambo matatu mara nyingi hutangulia madoa. Mikono na miguu huwa ya baridi, miguu humuuma (anayetembea hukataa kusimama, mtoto mchanga hulia ukimgusa), na ngozi hupauka au kuwa na mabaka. Tazama pia kama anapumua mbio, anasinzia ovyo, anakataa kunyonya.

Sasa bonyeza ukucha wa kidole gumba kwa sekunde 3, achia, uhesabu. Rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 3, damu haifiki vizuri mwilini.

Hatua ya 2: Mvue nguo zote. Madoa huanza kama alama za kuchomwa pini, mekundu au ya zambarau. Gandamiza ubavu wa glasi ya kioo juu yake. Vipele vingi vya kawaida hufifia, haya hubaki yanaonekana kupitia kioo, maana ni damu iliyovuja chini ya ngozi.

Msimu mmoja wa korosho nilimpokea mtoto wa miaka 3, mama katoka naye shambani moja kwa moja. Tumbo safi, mgongo safi. Nilipomvua soksi nikaona vidoa vinne juu ya kifundo cha mguu. Nilipomaliza kuandika barua ya rufaa, vilikuwa havihesabiki. Alipona, kwa kuwa sindano ilitangulia gari.

Ukikosa madoa, usijipe ruhusa ya kusubiri. Homa na miguu ya baridi vinatosha kuondoka.

Hatua ya 3: Ondokeni, hata kama ni usiku. Asiyejitambua asipewe kitu mdomoni, alazwe ubavu. Mkifika msikae foleni. Semeni mlangoni: "Ana homa, miguu ya baridi, ana madoa."

Hatua ya 4, kwa wahudumu: dawa kwanza, gari baadaye. Seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, miligramu 100 kwa kila kilo ya uzito, isizidi gramu 4. Mtoto wa kilo 10 anapata gramu 1. Mshipa ukigoma usihangaike, choma paja. Dozi ikizidi gramu 1, igawe mapaja mawili. Iliyochanganywa na lignokeini (dawa ya ganzi) isiingie mshipani kamwe. Mpe oksijeni, pima sukari. Ikiwa chini, glukosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kilo. Mwenye mshtuko (damu haifiki vizuri mwilini) au madoa yanayoenea asichomwe mgongo kuchukua maji ya uti kwanza. Andika saa ya sindano kwenye barua, kisha mpeleke hospitali iliyo karibu zaidi, iwe Ligula, Ndanda, Nyangao au Sokoine.

Maswali yenu

Mzazi, Tandahimba: Ngozi zetu nyeusi, hayo madoa tutayaonaje?
Jibu: Angalia penye weupe, dada yangu: viganja, nyayo, ndani ya kope la chini, kaakaa la mdomo. Tumia mwanga wa mchana au tochi ya simu.

Muuguzi, Liwale: MRDT, kipimo cha haraka cha malaria, imesoma chanya. Si malaria tu?
Jibu: Huku kwetu mtoto anaweza kuwa na vimelea vya malaria na bakteria kwenye damu kwa wakati mmoja. Kipimo chanya kisikufumbe macho. Mwenye dalili za hatari mtibu yote mawili, artesuneti kwa malaria na seftriaksoni kwa bakteria.

Tabibu, Nachingwea: Nimwage maji ya dripu haraka?
Jibu: Hapana, na hili nalisisitiza. Utafiti wa FEAST wa 2011, uliofanyika Kenya, Uganda na hapa Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa na mzunguko dhaifu wa damu, ulionyesha waliomiminiwa maji haraka walikufa zaidi: asilimia 10.6 ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 kwa wasiomiminiwa. Vikikutana vyote vitatu, yaani mikono na miguu ya baridi, rangi ya ukucha kuchelewa zaidi ya sekunde 3, na mapigo dhaifu ya mbio, mpe mililita 10 hadi 20 kwa kilo kwa dakika 30 hadi 60, ukikaa pembeni yake. Kupumua kukizidi kuwa kugumu, simamisha. Mwenye utapiamlo mkali au upungufu mkali wa damu ana utaratibu wake.

Bibi, Newala: Mjukuu akishtuka mwili tunasema degedege, tunamfukiza kwanza.
Jibu: Shikamoo bibi. Naomba safari ya hospitali itangulie. Moshi humbana pumzi, na saa moja hapa ni kubwa mno.

Dereva wa bodaboda, Nanyumbu: Mwanangu yuko jandoni, mwenzao mmoja ameugua hivi. Na mimi niliyembeba?
Jibu: Meningokoka hupita kwa mate na makohozi ya watu wanaokaa karibu kwa muda mrefu. Waliolala na mgonjwa chumba kimoja siku 7 kabla hajaugua wapewe dawa ya kinga kituoni, ikiwezekana ndani ya saa 24. Siprofloksasini dozi moja ni mojawapo. Wewe wa safari moja huna haja nayo kwa kawaida, ila ukipata homa wahi. Nguo zake hazihitaji kuchomwa.

Mama, Ruangwa: Wangu amepona, lakini haitiki ninapomwita.
Jibu: Mrudishe wiki hii akapimwe masikio, mama. Ugonjwa huu unaweza kuharibu usikivu, na kipimo kisizidi wiki 4 tangu atoke wodini.