Kupaka rangi ya poda vyuma vya pikipiki ya zamani

Honda CG125 ilianza kuuzwa mwaka 1976, ikiwa na injini ya silinda moja ambayo huvumilia hata mwenye kusahau kubadilisha oili. Fremu yake haina uvumilivu huo. Ile niliyoirejesha mimi hapa Mombasa ilikuwa imelazwa bandani karibu na bahari kwa miaka mingi. Injini iliwaka baada ya kabureta kusafishwa na plagi kubadilishwa, lakini bomba la chini la fremu lilikuwa limevaa kutu nene kama gome la mti. Kwa chuma kilichofikia hali hiyo niliamua kutumia rangi ya poda badala ya rangi ya kuchanganywa na tina, na maelezo haya yanatokana na kazi hiyo pamoja na nyingine nilizofanya baadaye.

Rangi ya poda ni unga mkavu wa plastiki uliochanganywa na rangi. Hupulizwa kwa bunduki inayoutia chaji ya umeme, kwa kawaida ya kati ya kilovolti 30 na 100, huku chuma kinachopakwa kikiwa kimeunganishwa na ethi, yaani waya wa kurudishia umeme ardhini, na kwa sababu hiyo unga hukivamia chuma na kukishika. Kisha chuma huingizwa katika tanuri, unga ukayeyuka, ukatandaa na kuwa ganda moja gumu. Unene wa ganda hilo kwa kawaida ni mikroni 60 hadi 100 (mikroni elfu moja ni milimita moja), na huhimili mawe na mikwaruzo kuliko rangi nyingi za kopo.

Karakana nyingi za poda katika miji yetu huishi kwa kupaka fremu za madirisha ya alumini, grili na viti vya chuma. Mafundi wake huijua bunduki yao vizuri, lakini hawana sababu ya kujua kwamba ndani ya tundu fulani la shingo ya fremu, mahali usukani unapozungukia, hukaa kikombe cha beringi, au kwamba kipande kidogo cha chuma kilichoachwa kitupu ndicho njia ya umeme wa taa zote. Wao hupaka kila wanachokiona. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya mwenye pikipiki ni kuamua mahali ambapo poda haitakiwi, na kuhakikisha kwamba uamuzi huo umefungwa kwa tepu na vizibo kabla ya bunduki kuwashwa.

Vyuma vya kupeleka na vya kuacha

Fremu, siwingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma), stendi zote mbili, vishikio vya injini, kikalio cha betri na vyuma vya kukanyagia vinafaa bila wasiwasi. Tangi la mafuta mimi silipeleki hata nikishawishiwa. Matangi ya zamani mara nyingi yamezibwa matundu kwa lehemu ya bati na risasi, ambayo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 183 za Selsiasi, yaani karibu na joto lile lile la tanuri. Tena mvuke wa petroli hubaki kwenye mishono ya tangi hata baada ya kuoshwa, na kuupeleka mvuke huo kwenye moto ni kuhatarisha maisha ya watu. Zaidi ya hayo, tangi la Honda hupendeza kwa stika na mistari iliyolazwa chini ya vanishi, na kazi hiyo ni ya mpaka rangi wa magari.

Madigadi ya chuma yanafaa ikiwa yamenyooshwa kwa nyundo peke yake. Puti ya kawaida ya gereji, ile ya kujazia mabonde, haistahimili joto la nyuzi 200. Huvimba, hupasuka, na kwa kuwa haipitishi umeme, unga nao hauikamati ipasavyo. Shokapu zisiingie tanurini zikiwa zimeunganishwa, kwa sababu zina oili na sili ndani yake, na chombo kilichofungwa kikipashwa joto kinaweza kulipuka. Ekzosi haifai, kwa kuwa poda ya kawaida huungua karibu na silinda. Silinda na kichwa chake huviacha vilevile, kwani sioni faida ya kuyavisha plastiki mapezi yaliyowekwa pale ili yatoe joto.

Habu za alumini na bomba za chini za foku zinaweza kupakwa, lakini alumini ya kumiminwa ina vijitundu visivyoonekana kwa macho, vyenye hewa na oili ya miaka mingi. Vikipata joto hupumua, na pumzi hiyo hutoboa poda ikiwa bado laini, ukapata uso wenye vishimo kama vya sindano. Dawa yake ni kuipasha alumini tupu kwa muda wa saa moja, kwa joto linalozidi kidogo lile la kuivisha poda, kisha kuiacha ipoe na kuifuta kabla ya kuipaka. Beringi za gurudumu ziondolewe mapema. Habu ikipashwa kufikia nyuzi 100 hivi, alumini hutanuka kuliko chuma cha beringi, nazo hutoka kwa kugongwa kidogo tu.

Kuandaa chuma

Kazi zote za kuchomelea zimalizike kwanza. Angalia nyufa mahali stendi kubwa inaposhikana na fremu, kwa kuwa hapo ndipo uzito wote huangukia kila siku, kisha pima kama fremu imenyooka. Fremu ikishapakwa, kila cheche ya welding huunguza ganda la poda kwa upana wa kiganja. Ondoa vikombe vya beringi vya shingo, bushi za mpira na za plastiki za siwingamu, na kila kitu kisichokuwa chuma. Piga picha za kila upande, kwa sababu baada ya wiki sita hutakumbuka kibano cha waya wa klachi kilikuwa kimeelekea wapi.

Osha grisi kwa mafuta ya taa, kisha kwa maji ya moto na sabuni mpaka maji yateleze juu ya chuma bila kujikusanya matone. Uoshaji huu hutangulia kupuliza mchanga, yaani kung'oa kutu na rangi ya zamani kwa chembe zinazorushwa kwa hewa ya kompresa, kwa sababu mchanga haufuti grisi bali huipigilia ndani ya chuma. Usitumie mchanga wa ufukweni, kwa kuwa una chumvi itakayobaki chini ya rangi, na vumbi la mchanga wa kawaida huleta ugonjwa wa mapafu usiopona uitwao silikosisi. Ulizia karakana inayotumia garneti au oksidi ya alumini kwa chuma, na shanga za kioo kwa shinikizo dogo kwa alumini. Fundi avae barakoa ya kufaa na apulize mahali penye uvutaji hewa, hasa kwa kuwa rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi.

Namba ya chesisi, iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, ifunikwe kwa tabaka mbili za tepu nzito kabla ya kupulizwa, kisha uisafishe kwa mkono kwa msasa laini. Namba ikifutika au ikizama chini ya poda nene, ukaguzi wa kubadilisha umiliki utageuka kuwa safari za kwenda na kurudi ofisini.

Chuma kikishapulizwa mchanga huwa kitupu kabisa, na unyevu wa pwani hukitia wekundu wa kutu ndani ya saa chache. Kwa hiyo panga siku ya kupuliza na siku ya kupaka ziwe moja, na ukishike kwa glavu safi, kwa sababu jasho la kiganja huacha alama itakayoibuka chini ya rangi. Hatua ambayo karakana nyingi huiruka, nami nimejifunza kuisisitiza, ni kuipasha fremu tupu kwenye nyuzi 200 kwa nusu saa hivi. Niliposimama kuitazama fremu ya CG125 ikitolewa, kwenye mshono wa bamba chini ya shingo palikuwa pametoka michirizi ya oili nyeusi, japokuwa nilikuwa nimepaosha mara tatu. Tuliifuta kwa kitambaa na asetoni, tukairudisha tanurini, ikatoka tena kidogo, na mara ya tatu ikakauka. Oili hiyo ingesubiri mpaka poda iyeyuke ndipo itoke.

Kufunika

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko pengine pote. Tepu ya karatasi ya wapaka rangi huungua, kwa hiyo nunua tepu ya poliesta inayostahimili joto pamoja na vizibo vya silikoni vyenye umbo la karoti ndogo. Hesabu yake ni nyepesi. Poda ya mikroni 80 ikipaka ukuta wote wa tundu, kipenyo hupungua kwa milimita 0.16, na kikombe cha beringi, kilichotengenezwa kuingia kwa kubana, hakitaingia tena. Atakayekilazimisha kwa nyundo atakiingiza upande, na usukani utakuwa mzito mahali pamoja na mwepesi mahali pengine.

Funika basi matundu ya vikombe vya shingo, tundu la bushi za siwingamu, nyuso ambazo injini hukazwa juu yake, hesi zote (mikato ya skrubu ambamo boliti huingia), ndani ya dramu ya breki, na sehemu ekseli ya nyuma inapoteleza wakati wa kukaza mnyororo. Nyuso za injini zina sababu ya pekee, kwani boliti iliyokazwa juu ya plastiki hulegea kadiri plastiki inavyobonyea kwa joto na mtikisiko. Kisha tafuta mahali waya wa ethi unapofungwa kwenye fremu. Katika kazi yangu ya kwanza sikupafunika, na kwa siku mbili nilifungua waya mmoja baada ya mwingine nikitafuta sababu ya taa kuwa hafifu na indiketa kusita, mpaka nilipokwangua milimita chache za poda chini ya boliti moja na kila kitu kikawaka.

Kupuliza na kuivisha

Uliza karakana wana poda ya aina gani. Poda ya epoksi hushika chuma vizuri sana, lakini jua huichakaza ikawa na vumbi jeupe kama la chaki. Kwa pikipiki inayolala nje inafaa poliesta. Anayeishi karibu na bahari na alipie tabaka la kwanza la epoksi yenye zinki, kisha poliesta juu yake. Kwa rangi, fremu ya CG125 nyeusi hufanana na ya kiwandani ikipata RAL 9005, namba ya rangi nyeusi katika orodha ya rangi za RAL, yenye mng'ao wa kiasi.

Fremu itundikwe kwa ndoano safi iliyogusa chuma kitupu, la sivyo unga hautashika. Fundi aanze na pembe za ndani, kama vile chini ya shingo na kwenye maungio ya mabomba, kwa sababu umeme hupendelea kingo zilizo karibu na bunduki na pembe hizo hubaki tupu. Apunguze volti na asogeze unga taratibu, na nyuso pana zifuate baadaye. Kingo kali zisuguliwe kidogo kabla, kwani poda inayoyeyuka hukimbia ncha kali na kuziacha na ganda jembamba.

Poda nyingi za poliesta huiva kwenye nyuzi 180 hadi 200 kwa dakika 10 hadi 20, na maelekezo ya mtengenezaji ndiyo ya kufuatwa. Dakika hizo huhesabiwa tangu chuma chenyewe kifikie joto, wala si tangu mlango wa tanuri ulipofungwa. Shingo ya fremu ni nene kuliko bamba la betri na huchelewa, kwa hiyo kipimajoto kielekezwe kwenye shingo. Ukipata nafasi ya kuchungulia, utaona unga uliokuwa mkavu na uliofifia ukianza kulowa kwenye mabomba membamba, kisha ukivimba kama ganda la chungwa, kisha ukitulia na kung'aa. Mng'ao huo hauna maana kwamba poda imeiva. Ikishapoa, sugua sehemu isiyoonekana kwa pamba yenye asetoni. Mng'ao ukififia kidogo si neno, lakini pamba ikijaa rangi au uso ukinata, irudishwe tanurini.

Ikiwa unapaka mwenyewe nyumbani kwa bunduki ndogo, oveni utakayotumia isipike chakula tena. Unga huo ukitanda hewani unaweza kushika moto, kwa hiyo pasiwe na sigara wala jiko karibu, na usikose barakoa.

Kuunganisha upya

Vuta tepu kwa kuikata ukingoni kwanza kwa wembe, ili isibandue ganda. Pitisha tapu, chombo cha kusafishia hesi, kwenye hesi zote, ambazo kwenye Honda hii nyingi ni za M6 na M8, kisha tikisa fremu na kupuliza mabomba kwa kompresa mpaka mchanga uliobaki ndani uishe, kwa sababu chembe moja ikidondokea kwenye gololi za shingo itaziharibu kimyakimya. Poda haifiki ndani ya mabomba. Nyunyizia nta ya kuzuia kutu kupitia matundu yaliyopo. Sehemu tupu chini ya boliti na waya wa ethi zipakwe grisi nyembamba.

Weka washa bapa chini ya kila nati ili isikwangue ganda inapokazwa, na baada ya siku chache za kuendesha kaza tena boliti za injini na za shokapu. Jiwe likibandua poda kwenye bomba la chini, pasafishe siku hiyo hiyo na upake rangi ya kopo inayofanana, kwa sababu maji ya chumvi yakishapenya hapo hutembea chini ya ganda bila kuonekana mpaka rangi ianze kuinuka.