Ukiwa Lushoto, uliza kwanza basi la kurudi

Ramani ya milima ya Usambara, mkoani Tanga, ina tabia ya kudanganya. Kutoka Lushoto mjini hadi kijiji cha Mtae ni kilomita sitini hivi, na mtu wa Dar akiziangalia anaona ni matembezi ya kwenda, kupiga picha na kurudi kabla ya chakula cha jioni. Nami niliona hivyo. Nilipanda basi mchana, tukapita Magamba, Lukozi na Shume, tukisimama kila penye mwenye gunia au kuku, na tulipofika Mtae jua lilikuwa linaagana na watu. Nikamuuliza kondakta la kurudi linaondoka saa ngapi. Akacheka: "Kesho alfajiri, bwana." Nililala bila mswaki wala sweta.

Kosa halikuwa la basi. Mabasi ya milimani yanamfuata mkulima: usiku wa manane au alfajiri yanatoka vijijini kwenda mjini na kabichi, karoti na viazi, na baada ya mchana yanarudi na watu walioshamaliza shughuli zao. Mgeni aliyelala Lushoto mjini anasafiri kinyume chao. Kwa hiyo usiku kabla ya matembezi, swali la kwanza stendi liwe la kurudi. Uliza watu wawili tofauti, maana mpiga debe hatakuambia basi lake halikufai. Kama kwenda Mtae au kijiji jirani cha Mambo ni lazima, kodi gari na dereva wa huko na muondoke saa 12 asubuhi, au kubali tangu mwanzo kwamba utalala, ubebe mswaki.

Irente ni habari nyingine. Ni kilomita sita hivi kutoka mjini, mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili kwa miguu kwa mtu asiye na haraka. Unafika kwenye ukingo wa mwamba, chini yako Mazinde, kisha nyika inayokwenda hadi macho yachoke. Asubuhi mapema ukungu unaweza kukuonyesha weupe mtupu. Jioni ndiyo tamu, lakini jua huzama kwenye saa 12 na nusu, na chini ya miti giza halingoji. Mimi huondoka mjini saa 8 mchana, na kabla ya kuondoka nakubaliana na bodaboda anifuate kule juu. Bei itajwe kwa ukamilifu: kwenda, kusubiri, kurudi. Neno "tutaelewana" ndilo linaloleta ugomvi. Muulize pia kuhusu kofia ya abiria, na kama mvua imenyesha, tembea. Chakula kisikusumbue, njiani kuna shamba la Irente wanakouza mkate, jibini na jemu. Ukingoni usitegemee uzio, na ukiwa na watoto washike mkono, si kuwaita.

Msitu wa Magamba ni hifadhi ya serikali. Unalipiwa kwa kumbukumbu namba (control number), kwa hiyo maliza malipo mjini kwenye mtandao wa uhakika, usingoje kufika getini ndipo simu ianze kutafuta minara. Chukua mwongozaji mwenye kitambulisho. Njia zinagawanyika gawanyika, na jicho la mwenyeji ndilo linalomwona kinyonga kwenye jani na mbega juu ya mti wakati wewe unatazama viatu vyako.

Viatu, basi. Udongo wa huku ni mwekundu, na ukilowa unateleza kama sabuni. Raba zilizokwisha meno ziache hotelini. Masika, kati ya Machi na Mei, si udongo wa njiani tu unaosumbua, kwani barabara ya Mombo kupanda Soni nayo hupata maporomoko ya udongo na mawe, hivyo usipange kushuka siku ileile unayotakiwa kazini. Juni hadi Agosti hakuna mvua nyingi ila baridi inauma kwelikweli, na anayetoka pwani huwa haamini hadi saa 1 usiku. Koti la mvua jepesi nabeba mwaka mzima.

Fedha taslimu zitoe mjini, na omba noti ndogo. Mama mwenye chai na vitumbua kijijini hana chenji ya elfu kumi. Vijiji vingi ni vya Waislamu, kwa hiyo kaptura fupi si vazi la kupita nalo sokoni, na mwezi wa Ramadhani usitarajie mgahawa mchana, ubebe chakula chako na ule faraghani.

Ukibakiwa na nusu siku tu, shuka Soni utazame maporomoko ya maji yaliyo kando ya barabara, kisha panda Vuga. Hakuna jengo kubwa la kukushangaza, ila hapo ndipo ukoo wa kifalme wa Wakilindi ulipotawalia Usambara, na mfalme wao Kimweri ye Nyumbai alifariki mwaka 1862 akiwa mtawala mwenye nguvu hadi karibu na pwani. Nenda na mtu anayejua hadithi, vinginevyo utaona migomba.

Matunda nunua siku ya kuondoka. Na mafyulisi omba uwekewe kwenye ndoo badala ya mfuko, maana kona za kuteremka Mombo zitakufikisha nyumbani na jemu.