Kumpikia paka nyumbani: kuku, moyo na maji yasiyomwagwa

Paka wengi wa Mombasa hula kinachobaki sahanini: wali uliorowa mchuzi wa samaki, sima na mifupa ya kuku, mkate uliochovywa kwenye chai ya maziwa. Wale wa barazani na wa sokoni huishi hivyo kwa sababu usiku wana panya na mijusi, na asubuhi hawakosi matumbo pale samaki wanapoparwa. Paka anayefungiwa fletini Tudor au Nyali hana akiba hiyo. Yeye ana bakuli tu, na kama bakuli ni la wali, atashiba na bado mwili utakosa.

Anachokosa kwanza ni taurini. Mbwa hujitengenezea taurini ya kutosha mwilini, paka hawezi, kwa hiyo lazima aipate kwenye nyama. Ikipungua kwa miezi, kuta za moyo hulegea na moyo kutanuka, na sehemu ya nyuma ya jicho hufa taratibu. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba paka wenye moyo wa namna hiyo walikuwa na upungufu wa taurini, na wengi walipata nafuu walipopewa. Macho yakishaharibika hayarudi. Hii pia ndiyo sababu chakula cha mbwa, hata kile cha bei, si chakula cha paka.

Cha pili ni kalsiamu. Nyama isiyo na mfupa ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na mwili huifidia kwa kuinyang'anya mifupa. Kitoto cha paka kinacholelewa kwa nyama tupu huanza kuchechemea, kisha miguu hupinda au kuvunjika kwa kuruka kutoka kwenye kiti. Cha tatu ni vitamini A: paka hawezi kuitoa kwenye karoti wala boga, anaitaka ikiwa tayari, nayo imo kwenye maini.

Sufuria ifuatayo imepangwa kwa mambo hayo matatu.

Vinavyohitajika

- Nyama ya mapaja ya kuku bila mfupa, gramu 800. Acha ngozi kwenye nusu ya vipande. Kidari ni kikavu na taurini yake ni ndogo kuliko ya paja.
- Moyo wa ng'ombe, gramu 200. Ng'ombe ana moyo mmoja, basi mwambie mwenye bucha siku moja kabla akuwekee. Mioyo ya kuku ni sawa pia. Firigisi ni nyama nzuri lakini si badala ya moyo.
- Maini ya kuku, gramu 50. Usizidishe.
- Mayai 2.
- Maji, vikombe 2 (mililita 400).
- Boga lililopondwa, vijiko 2 vya mezani, kwa ajili ya choo tu. Unaweza kuliacha.
- Unga wa maganda ya mayai, kijiko 1 cha chai kilichosawazishwa, yaani gramu 5 hadi 6.
- Taurini, miligramu 2,000. Huuzwa kwa vidonge vya kufungua au unga kwenye maduka makubwa ya dawa na ya wanaonyanyua vyuma. Soma kibandiko: iwe taurini peke yake, si vinywaji vya kuongeza nguvu.

Hakuna chumvi, kitunguu, mafuta wala binzari.

Unga wa maganda utengeneze kabla. Chemsha maganda dakika 10 kuua vijidudu, yaanike juani au yakaushe kwenye oveni yenye moto mdogo hadi yavunjike kwa sauti kavu, kisha yasage kwa blenda au uyatwange kwenye kinu. Pitisha kwenye chujio la chai. Yaliyobaki juu rudisha kinuni. Chembe zenye ncha hukwaruza, na paka huzihisi ulimini akasusa bakuli zima. Ganda moja la yai hutoa karibu kijiko kimoja cha chai, kwa hiyo maganda ya wiki moja yatakutosha kwa muda mrefu kwenye chupa kavu. Unyevu wa pwani hufanya unga ugande; ukiona mabonge, uanike tena.

Upishi

Toa mafuta magumu na mishipa myeupe kwenye moyo, ukate vipande vidogo, uuchemshe kwa vikombe viwili vya maji, moto mdogo, sufuria imefunikwa, dakika 20. Ongeza kuku, dakika 15 nyingine. Maini yaingie mwisho, dakika 5, yasiwe kama mpira. Mayai yapige na kuyamimina humo humo ukikoroga mpaka yagande. Ute mweupe wa yai usipoiva ni tatizo, kwani ukiwa mbichi huzuia vitamini iitwayo biotini isitumike mwilini.

Sasa jambo linaloharibu mapishi ya watu wengi: kuopoa nyama na kumwaga maji. Taurini haiungui kwa moto, ila huyeyuka majini, na sehemu nzuri yake imo kwenye ile supu uliyokuwa ukitaka kuimwaga sinkini. Vitamini za B nazo ni hivyo hivyo. Supu yote irudi kwenye nyama. Ikiwa nyingi mno, iache ichemke bila kifuniko mpaka ibaki kama kikombe kimoja.

Saga kila kitu pamoja na supu na boga hadi kiwe kizito kama uji wa nyama, au katakata kwa kisu kama paka wako anapenda kutafuna. Kikishapoa, nyunyiza unga wa maganda na taurini huku unakoroga. Ukiumimina unga wote mahali pamoja, paka wa Jumatatu atapata kalsiamu ya wiki nzima na wa Ijumaa hapati kitu.

Sufuria hii hutoa karibu kilo moja na robo. Paka mkubwa wa kilo 4, aliyehasiwa na anayekaa ndani, anahitaji karibu kilokalori 200 kwa siku, ambazo ni gramu 130 hadi 150 za chakula hiki, zigawe asubuhi na jioni. Bila mizani, ni vijiko vya mezani vinne hadi vitano kwa mlo. Anayezurura nje na asiyehasiwa atataka zaidi. Badala ya kubishana na macho yake ya kuombaomba, mpapase mbavu kila wiki: uzihisi chini ya ngozi bila kubonyeza, lakini usizione.

Hata hivyo sufuria hii haijakamilika. Aidini, vitamini E na zinki havijapimwa humo. Kwa mlo wa kawaida wa miezi, nunua kwa daktari wa mifugo unga wa vitamini na madini wa paka unaokusudiwa kuchanganywa na chakula cha nyumbani. Ukiwa tayari una kalsiamu, acha maganda ya mayai. Ukiwa na taurini, acha ile ya vidonge. Njia rahisi zaidi, na ndiyo tunayoipendekeza kwa nyumba nyingi: nusu ya mlo wa siku iwe chakula kamili cha paka cha dukani, nusu itoke kwenye sufuria. Watoto wa paka, wenye mimba na wanaonyonyesha wasilelewe kwa sufuria peke yake.

Samaki, kwa sababu tuko Mombasa

Samaki apewe mara moja au mbili kwa wiki, si kila siku. Changu, tafi na kolekole wanafaa. Tafi mkate mapezi kwanza kwa mkasi, miiba yake ina sumu na hukuchoma wewe kabla ya kumfikia paka. Chemsha dakika 10, mwache apoe, kisha upitishe nyama kati ya kidole gumba na cha shahada, kipande kwa kipande. Macho hayatoshi, mwiba wa tafi aliyechemshwa hauonekani kwenye nyama nyeupe ila vidole huukuta.

Dagaa wabichi ndio mtego. Samaki kadhaa wadogo wa aina hiyo wana kimeng'enya kinachoharibu thiamini, yaani vitamini B1. Paka anayelishwa hao kila siku huanza kukataa chakula, kisha huyumba, shingo ikainama kidevu kikigusa kifua, mwisho kifafa. Moto hukiua kimeng'enya hicho, basi dagaa wapike. Wakiiva hadi mifupa kulainika waache nzima. Mifupa hiyo ni kalsiamu. Ng'onda na papa wa chumvi hata ukiwaroweka usiku kucha bado wana chumvi nyingi. Hao waache.

Jodari na vibua wana mafuta mengi. Paka anayekula hao tu kwa wiki nyingi, bila vitamini E, mafuta ya chini ya ngozi yake huvimba na kuuma, na paka aliyekuwa akijipenyeza miguuni hupiga kelele akiguswa mgongo. Tena samaki hao wakilala juani sokoni hujenga sumu ambayo kupika hakuiondoi. Aliyepoteza harufu ya bahari usimnunulie paka kwa kuwa ni wa bei ya chini.

Ngisi na pweza wana taurini nyingi. Gramu 100 za ngisi aliyepikwa na kukatwa vipande vidogo mno zinaweza kushika nafasi ya nusu ya moyo. Supu ya pweza ya barabarani ni habari nyingine, ile ina pilipili na thomu.

Bunju anayetupwa ufuoni na wavuvi ana sumu inayopooza misuli ya kupumulia. Paka mwenye tabia ya kufuata mashua asiachiwe.

Mchuzi wa watu

Samaki wa kupaka, biriani, mchuzi wa nazi, mishikaki: shida haiko kwenye nyama, iko kwenye vitunguu. Kitunguu maji na kitunguu thomu huvunja chembe nyekundu za damu ya paka, viwe vibichi, vimekaangwa au vimesagwa. Kwa paka wa kilo 4, gramu 20 hivi za kitunguu maji zinatosha kumdhuru, chini ya robo ya kitunguu cha wastani, na thomu ni kali zaidi. Dalili huchelewa siku mbili tatu: fizi kupauka, kuhema, mkojo wa rangi ya chai. Kusuuza kipande cha nyama kwa maji hakusaidii, vitunguu vimeshaingia ndani. Anayetaka kumgawia paka atenge kipande chake kabla ya kukaanga vitunguu.

Tui la nazi humharisha kwa wingi wa mafuta. Maziwa huwaharisha paka wengi wakubwa. Zabibu kavu za pilau, chokoleti na kahawa, hapana. Mifupa iliyopikwa ya kuku hupasuka vijiti vyenye ncha, ifunge na kuitupa mahali pasipofikika. Na kwa kuwa tumefika kwenye vitu vya binadamu: Panadol humuua paka, hata nusu kidonge. Usimpe kwa homa wala kwa maumivu.

Joto, stima na sisimizi

Gawa chakula kwenye vikombe vya mtindi vilivyooshwa, kikombe kimoja kwa siku, na uviweke friza mara tu vinapopoa. Friji hukitunza siku tatu, friza miezi miwili. Stima ikikatika na kikombe kikayeyuka kabisa, kipe siku hiyo au kitupe, usikigandishe tena. Kuyeyusha ni ndani ya friji usiku kucha, si juu ya meza. Kabla ya kumpa, kitie kikombe kwenye bakuli la maji moto dakika tano. Chakula baridi hakina harufu, na paka hula kwa pua.

Mchana wa Januari chakula kisikae wazi zaidi ya nusu saa. Bakuli lisimame kwenye sahani yenye maji, sisimizi hawavuki. Maji ya kunywa yawe yale mnayokunywa nyumbani, si ya kisima chenye chumvi, na yabadilishwe mara mbili kwa siku.

Kumbadilisha paka aliyezoea wali au biskuti kunataka siku 7 hadi 10: robo ya chakula kipya siku mbili tatu, kisha nusu, kisha robo tatu. Akiharisha, rudi hatua moja nyuma. Akisusa, usimwache na njaa ili akome; paka asiyekula siku mbili, hasa mnene, mafuta huhamia kwenye ini na anaweza kufa. Mrudishie alichozoea na uanze upya kwa kijiko kimoja. Akiwa dume, akaingia na kutoka kwenye mchanga wake akijikamua bila mkojo kutoka, hilo halihusu tena chakula: mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.