Ipite njia kwanza, ndipo umwachie mtoto

Mimi ni fundi baiskeli, kijiwe changu kiko Tandika, Dar es Salaam, si mbali na Davis Corner. Mzazi akiniletea baiskeli ya mtoto huuliza, "Fundi, hii itamfaa kwenda nayo shule?" Na mimi humuuliza: njia yenyewe umeshaipita? Kwa miguu, saa ile ile anayopita yeye? Wengi wanaijua kutoka kwenye daladala au juu ya boda, na ukiwa huko huoni kitu.

Basi anza na hilo. Siku ya shule toka naye, mwache atangulie akuonyeshe anakopita. Usimsahihishe, wewe fuata tu kimya kimya. Utaona anakatiza kwenye gereji ambako magari yanarudi rivasi, au anashuka barabarani kwa sababu pembeni pamejaa meza za biashara. Kila anaposimama kuvuka, chuchumaa mpaka macho yako yawe sawa na yake. Bajaji iliyoegeshwa, rundo la kokoto, meza ya mama wa vitumbua: wewe ukisimama unaona juu yake, yeye anaona ukuta. Na asichokiona yeye, dereva wa upande wa pili naye hamwoni yeye.

Ukishaiona, mchagulieni njia nyingine ikibidi. Mimi napendelea njia ndefu ya mitaani yenye kuvuka mara moja kuliko ya mkato yenye kuvuka mara tatu. Mtoto atanung'unika, anung'unike. Pasipo na njia ya miguu, atembee upande wa kulia ili magari yaliyo karibu naye yawe yanamjia usoni.

Kuvuka ndiko kwenye kazi. Shuleni wanafundishwa kuangalia kulia, kushoto, kulia tena, na ni sawa, maana magari yetu yanapita kushoto. Ila hapa mjini ongeza: boda hutokea popote, hata kwenye barabara ya upande mmoja, hata juu ya njia ya miguu. Daladala ikisimama kituoni asivuke mbele yake. Aisubiri iondoke, kwa sababu aliye nyuma yake anaipita kwa pupa na hajui kuna mtoto anatokeza. Kwenye zebra ni hivyo hivyo. Gari la kwanza likisimama, la kuogopa ni la pili, lile linalolipita la kwanza. Mfundishe asikanyage zebra mpaka magari ya pande zote yasimame kabisa, na asidanganywe na dereva anayempungia mkono apite.

Anayevuka Barabara ya Kilwa ahesabu barabara tatu, si moja: magari ya upande huu, njia za mabasi ya mwendokasi katikati, kisha magari ya upande ule. Asimame kila sehemu aangalie upya. Pale katikati mabasi huja kutoka pande zote mbili, wakati akili ya mtoto iko kwenye daladala tu.

Mtoto wa chini ya miaka tisa au kumi hajui bado kukadiria mwendo wa gari. Analiona liko mbali, basi. Gari la kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa mwisho kisheria kwenye maeneo ya makazi, linakata karibu mita 14 kila sekunde. Kwa hiyo huyo mdogo asivuke barabara kubwa peke yake, hata kama darasani anaongoza. Ongeeni majirani mpeane zamu za kuwasindikiza, mtu mzima mmoja akae upande wa magari na mkubwa wao atangulie.

Kuna suala la giza. Mwezi wa sita na wa saba jua la Dar huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, na wengine wameshatoka nyumbani saa kumi na moja na nusu. Shati jeupe lipo, lakini limefunikwa na sweta la bluu na begi jeusi. Tafuta fulana kuukuu ya reflekta ya bodaboda, kata ile mistari inayong'aa, mpe fundi cherehani aishone nyuma ya begi na kwenye mikanda yake. Masika nayo, mvua kubwa ikinyesha na maji yakafunika mtaro, mtoto asipite bila mtu mzima. Achelewe tu.

Sasa baiskeli. Usimnunulie ya kukulia. Akikaa kwenye kiti, vidole vya miguu yote miwili viguse chini. Zile za mtumba kutoka Japani ni nzuri, nyingi zina taa ya dinamo, ila kumbuka mkono wa breki wa kulia mara nyingi ndio wa mbele. Akiubana peke yake kwa nguvu anaweza kupinduka. Mzoeshe kubana yote miwili pamoja. Kabla hajaondoka, bana breki kisha sukuma baiskeli: tairi likizunguka, haendi nayo. Mkono wa breki ukigusa usukani, waya umelegea au raba zimeisha. Bonyeza matairi, tikisa usukani, piga kengele. Helmeti ikae juu ya nyusi, si kisogoni, na asibebe mwenzake nyuma. Akifika barabara kubwa ashuke, aikokote avuke nayo kwa miguu.

Yote hayo hayatoshi kama mbele ya geti magari yanapita mbio. Shirika la usalama barabarani la Amend, lililopata tuzo ya kimataifa ya miji, WRI Ross Prize for Cities, mwaka 2019, limefanya kazi kwenye shule za hapa Dar kwa vitu vya kawaida: matuta, zebra, njia za miguu, nguzo za kuzuia magari, hata kuhamisha geti lisifungukie barabarani. Kwa hiyo msiombe flaiova, ombeni tuta. Andikeni barua kupitia kamati ya shule na serikali ya mtaa. Wakala wa serikali wa barabara ni wawili: za mitaa ni za TARURA, kuu ni za TANROADS, mkikosea barua itazunguka. Tajeni mahali hasa, saa watoto wanapovuka, na mbandike picha mlizopiga asubuhi. Chapeni nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa mrudi nayo, maana mkienda kufuatilia ndiyo watakayowauliza.