Ubalozi Hufuata Kitanda, Si Ndege: Kuchagua Kijiji cha Alps kwa Likizo ya Skii na Watoto

Wengi wetu huchagua kijiji cha Alps kwa picha. Mnara wa kanisa, mapaa ya mbao yaliyofunikwa na theluji, watoto wanavutwa kwenye kisleji, kile kigari cha kutelezea thelujini. Nyumba inalipiwa, tiketi zinakatwa, halafu ndipo mtu anauliza habari za viza. Huo ni utaratibu wa wenye pasipoti za Ulaya. Wewe uliyeko London, Leicester au Dublin na pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, anza na swali moja: kijiji hicho kiko nchi gani?

Uingereza na Ireland haziko Schengen, yaani lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Kibali chako cha kuishi huko, hata kiwe cha kudumu, hakikufikishi mlimani. Na viza ya Schengen haiombwi popote tu. Inaombwa kwa nchi utakayolala usiku mwingi zaidi. Usiku ukilingana kati ya nchi mbili, kwa ile utakayoingia kwanza.

Geneva imenasa familia nyingi kwa kanuni hii. Uwanja wake wa ndege uko Uswisi, umeshikana na mpaka wa Ufaransa, na abiria wengi wa skii wanaoshukia hapo hawalali Uswisi hata usiku mmoja. Les Gets, Morzine, Samoëns, La Clusaz, Megève na Chamonix vyote viko Ufaransa. Mtu anaona tiketi imeandikwa Geneva, anakwenda kuomba viza ya Uswisi, anaweka mezani karatasi ya nyumba ya Les Gets. Ofisa akiona kwamba ombi si la kwake, sheria inamtaka arudishe fomu na ada na kukuelekeza kunakohusika. Lakini malipo ya kituo kinachopokea maombi usiyategemee kurudi, na wiki tatu ulizosubiri miadi zimekwenda. Februari hiyo imekaribia, na miadi ya ubalozi wa pili ni ya Machi.

Munich ni vilevile. Ndege inatua Ujerumani, kitanda kiko Tirol, kwa hiyo viza ni ya Austria. Ukitua Geneva na kupita chini ya Mont Blanc hadi Courmayeur, viza ni ya Italia. Kleinwalsertal inachanganya kuliko zote: barabara pekee ya kuingia inatoka Ujerumani, lakini bonde ni la Austria, na ubalozi ni wa Austria. Ubalozi hufuata kitanda, si ndege. Mwambie hivyo na binamu anayekushauri kwenye simu kwa sababu yeye “alipita Uswisi bila shida”.

Kuna wanaojaribu kulizunguka hili kwa karatasi za hoteli za kununua kwa wakala, usiku saba wa Uswisi ambao haupo. Msifanye. Viza iliyopatikana kwa maelezo ya uongo inaweza kufutwa hata pale uwanjani, na taarifa zako hukaa miaka 5 kwenye mfumo ambao balozi zote za Schengen zinausoma. Weka nafasi ya kweli yenye ruhusa ya kuivunja bila malipo. Itakugharimu zaidi kidogo kuliko ile isiyorudisha pesa. Lipa hiyo tofauti.

Mengine ya viza mnayajua: pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka 10, yenye uhai wa miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Schengen na kurasa 2 tupu, ada ya euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, bure chini ya hapo. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Kwa likizo ya shule ya Februari, tafuta miadi Septemba au Oktoba, maana baada ya Krismasi nafasi ni za kugombania. Kama watoto wana pasipoti ya Uingereza na mama ana ya Tanzania, mama peke yake ndiye mwenye kuhitaji viza, na safari nzima inasimama juu yake.

Kuhusu majina. Kwetu mtoto anaweza kubeba jina la kwanza la baba kama jina la ukoo, na mama akabaki na la baba yake. Ofisa wa mpakani anaona watu watatu wa familia moja wenye majina matatu. Beba vyeti vya kuzaliwa, na mzazi mmoja akisafiri peke yake na watoto, abebe barua ya ridhaa ya mwenzake iliyosainiwa. Wazungu wa bara la Ulaya wanaamini karatasi kuliko uso. Kwao hilo ni utaratibu wa kawaida, si dharau, na anayeufuata mapema hupita bila maneno mengi.

Mnaoishi ndani ya Schengen kwa kibali halali, viza hamhitaji. Bebeni kibali pamoja na pasipoti. Lakini karatasi ya muda ya kusubiri kibali kipya si kibali. Nyingi hazitambuliwi nje ya nchi iliyozitoa. Kama kibali chako kinaisha Januari, nenda kateleze kwenye milima ya nchi unayoishi mwaka huu, mingine itakusubiri.

Sasa bima, na hapa nitasema na ndugu zetu wanaokuja kutoka nyumbani kututembelea. Shangazi, ile bima ya euro 30,000 uliyonunua kwa ajili ya viza ni ya kumridhisha ofisa. Soma sehemu ya mambo yasiyolipwa: mara nyingi michezo ya baridi imo humo. Mtu akivunjika mguu akiwa juu ya skii, bima hiyo inaweza isitoe hata senti. Usiseme “mimi sitelezi, nitapanda kisleji tu na wajukuu”. Kampuni nyingi zinahesabu kisleji kuwa mchezo wa baridi.

Nalo si jambo la nadharia. Austria, helikopta ikikuchukua kwenye mteremko, bili inakuja kwa jina lako, na ni maelfu ya euro. Ufaransa, manispaa ina haki ya kumtoza majeruhi gharama za kumshusha mlimani. Kadi ya afya ya Ulaya (EHIC), na ile ya Uingereza iliyochukua nafasi yake (GHIC), hailipi uokoaji wa mlimani wala kukurudisha nyumbani. Tena asiye raia wa Umoja wa Ulaya, hata akiwa na kadi hiyo ya Ulaya kwa sababu anafanya kazi Ujerumani au Uholanzi, haimsaidii Uswisi. Mwenzako wa kazini Mjerumani atakwambia kadi inatosha. Kwake inatosha zaidi kuliko kwako.

Kwa hiyo kwenye karatasi ya bima tafuta maneno haya yakiwa yameandikwa wazi: michezo ya baridi, uokoaji mlimani pamoja na helikopta, matibabu, kurudishwa nyumbani, na dhima kwa mtu mwingine, yaani ukimgonga mtu. Italia imeifanya bima hii ya dhima kuwa lazima kwa kila anayeteleza tangu 2022. Angalia na kikomo cha umri kama bibi yumo. Ufaransa huuza bima ya siku pamoja na tiketi ya lifti za kuwapandisha wanaoteleza mlimani, kwa euro chache; ichukue, lakini isiwe ndiyo pekee. Bima ya viza si bima ya skii. Ziandike zote mbili kwenye bajeti.

Ukishamaliza karatasi, njoo kwenye kijiji chenyewe. Uzuri wa kijiji kwa familia ni umbali wa aina mbili: kutoka kitandani hadi shule ya skii ya watoto, na kutoka hapo hadi chooni penye joto. Mtoto wa miaka 4 aliyevaa viatu vya skii hatembei mita 300 kwenye barafu. Utambeba yeye, skii zake na zako, na mwalimu hamsubiri mtu. Darasa la saa 3 asubuhi linaanza saa 3, na kundi likishaondoka hakuna wa kukuelekeza liliko.

Basi usiulize “lifti iko mbali kiasi gani?” Uliza “uwanja wa wanaoanza uko wapi, na uko mita ngapi juu ya bahari?” Majibu yanatofautiana mno. Samoëns ni kijiji cha kale cha mawe, kizuri kweli, lakini kiko chini, mita 700 hivi. Theluji ya watoto iko Samoëns 1600, unapanda kwa kibanda cha kebo ambacho kituo chake kiko nje ya kitovu cha kijiji, na jioni unashuka kwa kibanda hichohicho. Anayelala kando ya kanisa anahitaji basi kila asubuhi. Alpbach ya Austria, ambayo nyumba zake zote hufuata kanuni za ujenzi wa mbao, iko kama mita 1,000. Kuna mteremko mdogo wa kujifunzia kijijini, ila mlima wenyewe unaufikia kwa basi. Kwa wanaoanza siku mbili tatu ni pazuri. Kijana wa miaka 14 atalalamika.

Zermatt na Chamonix ndiyo majina yanayotajwa kwenye kila kundi la familia la simu. Yana sifa kubwa, lakini si kwa watoto wanaoanza. Zermatt wanaoanza wanapandishwa hadi Sunnegga, karibu mita 2,300, kwa treni ya chini ya ardhi. Chamonix maeneo yake yametawanyika bondeni na maisha ni ya basi. Jina kubwa mtalilipia, na mtoto atakayekaa wiki nzima kwenye zulia linalotembea la mita 50, lile la kuwapandisha wanaoanza, hatajua tofauti.

Wengen, Uswisi, ni chaguo la kweli: mita 1,274, hakuna magari, mnafika kwa treni ya meno, ile inayopanda mlima kwa gurudumu la meno, kutoka Lauterbrunnen kama robo saa, na uwanja wa watoto uko katikati ya kijiji. Bibi asiyeteleza anapanda treni kutazama milima na kurudi kwa chakula cha mchana. Saas-Fee, nayo bila magari, iko mita 1,800, kwa hiyo theluji haisumbui sana hata mwishoni mwa Machi. Gari linaachwa langoni, mizigo inabebwa na teksi ya umeme, na hilo ni gharama. Uswisi ni ghali, msidanganyane. Serfaus ya Tirol, mita 1,429, imejengwa kwa fikra za familia: magari hayazunguki ovyo, na treni ndogo ya chini ya ardhi inakupeleka bure hadi kwenye lifti. Uwanja mkuu wa watoto uko juu, Komperdell, kwa hiyo mzazi au bibi anayekwenda kumtazama mtoto naye anahitaji tiketi ya kebo. Les Gets ndiyo nafuu ya njia kwa waliotua Geneva: mita 1,172, watoto wanaanzia pembezoni mwa kijiji, na theluji inaweza kupungua mapema msimu ukiwa wa joto. Nendeni Januari au Februari, si Pasaka.

Nyumba za Ufaransa mara nyingi hukodishwa Jumamosi hadi Jumamosi. “Watu 6” maana yake vitanda 6 pamoja na kochi, mara nyingi kwenye mita za mraba 35, na mtoto mchanga anahesabiwa. Mashuka na usafi wa mwisho huenda havimo kwenye bei, na amana inashikiliwa. Hapa msemo wa mgeni njoo mwenyeji apone haufanyi kazi: binamu wawili wakiongezwa siku ya kufika, mwenye nyumba ana haki ya kuwakatalia mlangoni. Waambieni kabla, wasione mnawakimbia.

Mkiwa na gari: Austria inataka matairi ya baridi barabara zikiwa na theluji au barafu kati ya 1 Novemba na 15 Aprili, Ufaransa, kwenye maeneo ya milima yaliyotajwa, matairi ya baridi au minyororo kuanzia 1 Novemba hadi 31 Machi. Barabara kuu za Uswisi zina stika ya faranga 40 kwa mwaka.

Chakula: kutoka Uingereza hamruhusiwi kuingiza nyama wala maziwa Umoja wa Ulaya, hata sambusa za nyama za bibi. Unga wa mahindi ni sawa. Bucha ya halali msiitarajie kijijini, nunueni mjini mnakopita mkiwa mmeshavuka mpaka. Maduka mengi ya Austria hufungwa Jumamosi saa 12 jioni na hayafunguliwi Jumapili, kwa hiyo anayefika usiku wa Jumamosi na watoto bila mkate ana kazi.

Mavazi ya nje na skii kodisheni hukohuko. Cha kununua ni nguo ya ndani isiyo ya pamba, maana pamba ikilowa jasho haikauki na mtoto anaganda. Kichwani, rasta nene zilizofungwa juu haziingii kwenye helmeti, na Italia helmeti ni lazima kisheria. Msukeni mtoto twende kilioni, bapa, wiki moja kabla, ili kichwa kiwe kimepoa maumivu. Mafuta ya mgando hayazuii jua. Theluji hurudisha miale usoni na ngozi nyeusi nayo huungua, midomo kwanza. Pakeni kinga ya jua ya SPF 50, na tena saa sita mchana.

Mkifika shule ya skii, salamu kwanza, ndipo swali. Mtu wa milimani asiyesalimiwa huwa mkavu, na ukimsalimia anakuonyesha hata choo kisicho na foleni. Mwandikieni mtoto jina lake na namba ya simu yenye msimbo wa nchi, muweke karatasi kwenye mfuko wa mkono wa kushoto wa koti, pale panapokaa tiketi ya lifti, na mwalimu aonyeshwe iliko.