Somo: Kolaji (picha ya karatasi za kubandika) ya matabaka kwa matangazo ya ukutani, kwa njia ya Mark Bradford

Mark Bradford, msanii mzaliwa wa Los Angeles, Marekani (1961), alianza na karatasi nyembamba za kufungia ncha za nywele zinapotiwa dawa, kutoka saluni ya mama yake, kisha akageukia matangazo ya biashara ndogo yaliyobandikwa mitaani. Hubandika tabaka juu ya tabaka, halafu hukwangua kwa mashine ya msasa. Uzuri wote uko kwenye kilichofukiwa, kwa hiyo panga matabaka kabla ya kushika gundi.

Tafuta plaiwudi ya mm 12, sm 60 kwa 60. Changanya gundi nyeupe ya mbao vikombe viwili na maji kikombe kimoja. Loweka matangazo dakika 10, yaning'inize yachuruze maji, kisha yabandike yakiwa bado na unyevu. Karatasi kavu hutanuka ikikutana na gundi na kufanya mapovu. Acha kila tabaka likauke.

Karatasi za matabaka yanayofuatana zitofautiane rangi: nyekundu, nyeupe, nyeusi, njano. Nyekundu juu ya nyekundu, utasugua bure.

Tabaka la nne likikauka, laza kamba ya katani ukifuata mchoro wako, uifunike kwa karatasi nne zaidi. Subiri saa 24. Vaa barakoa, anza na msasa namba 80, malizia na 220. Msasa hula kwanza pale kamba ilipoinua karatasi: nyeusi inatoboka, nyeupe inachungulia, na kila mstari unabaki na kingo za rangi mbili tatu kama pete za mti uliokatwa. Hapo punguza mkono. Ukikazana, gundi hupata joto, hulainika na kuziba msasa.

Maswali ya wanachama

*Mbao yangu imepinda kama kigae.*
Karatasi husinyaa ikikauka na kuivuta upande mmoja. Bandika karatasi mbili mgongoni pia.

*Karatasi inasokotana vinundu nikisugua.*
Bado ni mbichi ndani. Pwani wakati wa masika, subiri siku mbili au tatu.

*Mabango ya plastiki je?*
Gundi hii haiyashiki, yatabanduka. Tumia karatasi tu.

*Picha nilizochapisha nyumbani zimechuja rangi.*
Wino wa maji huyeyuka. Zipeleke fotokopi, nakala ya mashine inayotumia wino wa unga haichuji.

*Uji wa ngano unafaa badala ya gundi?*
Unashika, lakini huvutia mende na ukungu. Kwa kazi ya kudumu, nunua gundi.