Kuongea mambo ya usawa kazini bila kuzua vita

Kama kazini kwenu, tuseme hoteli ya Nyali, Mombasa, ama ofisi ya bandarini, kuna mtu aitwa "mbara", yaani wa kuja kutoka bara, kila siku na wote wacheka, usingoje mitingi, mvute kando anayesema umwambie, sikiza ndugu yangu, hilo jina lamkera mwenzio. Taja kitendo tu, usimwite mkabila, manake hapo ataanza kujitetea na maneno yameisha.

Swala ya Ijumaa? Pangeni zamu mapema, asiyeswali ashike kaunta saa saba, naye Jumapili aachiwe aende kanisani.

Mshahara ndo kazi kwelikweli. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 5, yataka kazi ya thamani sawa ilipwe sawa, mwanamke kwa mwanamume, kwa hivyo ukienda kwa bosi itaje hiyo, na usiende peke yako.